Nani Anaangalia Tamthilia ya Mama?

Neno la siri la familia ile lilijulikana na watu kumi na tisa. Kupe alikuwa amewahesabu mmoja mmoja.

Wa kumi na tisa alikuwa kinyozi. Alisimama katikati ya duka lake, mashine inanguruma mkononi, mteja wake nusu kichwa nusu msitu. Juu ya kioo, televisheni ilikuwa inapiga video ya muziki: vijana sita wanacheza juu ya paa la gari jeupe. Kwenye pembe ya skrini, kwa herufi ndogo, lilisomeka jina la mwenye kuangalia: Kitinda.

Kupe alilitazama jina lile mpaka vijana wale wakashuka kwenye gari. Alikuwa amelifuata kwa siku tatu. Jina lake mwenyewe, Kupe, alipewa na wenzake kituoni enzi zile alipokuwa akivaa sare, kwa sababu aking'ang'ania jambo habanduki. Siku hizi alifanya kazi peke yake, kwa wale ambao polisi wamewaambia "huyo ni mtu mzima, atarudi tu" kisha wakarudi kwenye chai yao.

Kitinda alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mhariri wa video za muziki, kitindamimba wa mama yake. Alitoka nyumbani Jumatatu jioni, siku kumi na moja zilizopita, na hakuna aliyemwona tena. Simu haipatikani. Dalili pekee ya uhai ilikuwa kwenye akaunti ya familia, ile ya kuangalia vipindi na video mtandaoni. Ndani ya akaunti kulikuwa na kurasa tatu, Dada, Mama na Kitinda, na ukurasa wa Kitinda ulikuwa ukitembea kila siku. "Yuko hai," Kupe alimwambia dada yake Kitinda, aliyemwajiri, siku ya kwanza. "Mfu haangalii muziki."

Sasa aliye hai alikuwa huyu hapa, na mashine ya kunyolea.

"Nani alikupa neno la siri?"

"Msusi wa jirani."

"Na msusi?"

"Shemeji yake. Shemeji yake alipewa na fundi simu. Fundi simu sijui, dada, labda alizaliwa nalo."

Mteja alicheka. Kinyozi akamkandamiza utosi. "Tulia wewe, nitakuchora ramani."

"Kwa hiyo anayeangalia muziki kwenye ukurasa huu, saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku, ni wewe."

"Mimi siangalii. Mimi nanyoa. Wanaangalia wateja."

"Na Kitinda unamfahamu?"

"Kitinda ndiye nani? Nilidhani ni jina la kampuni."

Kupe alifungua daftari lake, akapiga mstari wa kalamu juu ya kurasa nne nzima, ukurasa baada ya ukurasa, kwa nguvu hadi karatasi ya nne ikachanika. Ilikuwa saa nne asubuhi, Ijumaa. Saa kumi jioni orodha ya wagonjwa wa upasuaji ingefungwa hospitalini, na mama yake Kitinda, mwenye jicho moja lililobaki, alikuwa amekataa katakata kutia sahihi mpaka amwone mwanawe. Daktari bingwa wa macho alifika mji huu mara mbili kwa mwaka. Jicho lile lisingengoja mara ya pili.

Alikuwa ameshafika mlangoni kinyozi alipomwita.

"Dada, kama unawajua wenyewe, waambie walipie kifurushi cha maana. Hiki ni cha skrini mbili tu. Mimi moja, msusi moja, tunaishi kwa amani. Lakini kila siku ikigonga saa nane mchana natolewa. 'Skrini zimejaa.' Mbele ya wateja!"

Kupe aligeuka. "Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Wiki moja na ushee sasa."

"Mbona msusi hatolewi?"

"Msusi anaangalia tamthilia ndefu, hasimamishi. Mimi zangu dakika tatu tatu. Ikiisha moja naomba nafasi upya, na hapo ndipo mtu ananichomekea. Naye sijui ana kigugumizi cha vidole, anasimamisha, anaachia, anasimamisha. Akisimamisha naingia mimi, nikimaliza wimbo anaingia yeye. Tunapokonyana hivyo mpaka karibu saa kumi."

Kupe alitafuta ukurasa mpya ambao haukuchanika.

*

Dada mtu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, rundo la kola nyeupe, na meza ya kukatia iliyojaa chaki. Alipomwona Kupe hakusimamisha cherehani.

"Umempata?"

"Nimempata kinyozi. Fungua akaunti kwenye simu yako. Ukurasa wa Mama."

"Wa Mama wa nini? Mama anaangalia tamthilia yake huko wodini. Nilikuambia tangu Jumanne."

"Anaangalia kwa simu gani?"

Cherehani ikanyamaza. Dada alivuta droo, akatoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, imezima kabisa. Alisema polepole, kana kwamba anayasoma maneno usoni mwa ile simu, "Hii hapa. Alipolazwa Jumamosi niliibakiza niichaji. Nikasahau."

Kupe alijiuma mdomo. Tangu Jumanne alikuwa amelipokea jibu la "anaangalia wodini" kama noti halali, bila kuliangalia kwenye mwanga. Aliichukua simu ya dada, akafungua ukurasa wa Mama.

Tamthilia ilikuwa moja tu, ya lugha ya kigeni, yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Tangu Kitinda aondoke, sehemu tisa zilikuwa zimeangaliwa, kuanzia ya sitini na mbili hadi ya sabini. Moja kwa siku, isipokuwa Jumapili. Zote zilianza saa nane na dakika chache. Kila sehemu ilikuwa na urefu wa dakika arobaini na mbili, na kila moja ilikuwa imechukua karibu saa mbili kuisha. Kifaa: Chumba 4.

"Chumba namba nne ni wapi?"

"Sijui. Nyumbani tuna vyumba viwili."

"Nani anaangalia sehemu ya dakika arobaini kwa saa mbili?"

"Mtu asiye na kazi," alisema dada, na sauti yake ikapanda ghafla kama maziwa jikoni. "Kama yeye! Mwezi uliopita niliingia kwenye ukurasa wake nikajumlisha. Saa mia mbili na themanini! Video za muziki, kutwa nzima, mwezi mzima! Mimi navunjika mgongo hapa, yeye—"

"Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku."

"Umejuaje?"

"Hizo ni saa za kinyozi, dada yangu. Ulimgombeza mdogo wako kwa ajili ya nywele za watu."

Dada aliokota kola moja, akaikunja, akaikunjua.

Kupe alikuwa ameshaacha kumtazama. Alitazama rafu. Mikasi, nyuzi, vifungo, na kwenye kona kopo kubwa la plastiki lililojaa mchele. Hapakuwa na jiko katika chumba kile, wala sufuria, wala sahani. Alinyoosha mkono, akafungua kifuniko, akazamisha vidole hadi kiwiko kikagusa ukingo. Alipouvuta mkono, alitoka na simu nyeusi.

"Kitu kikilowa maji watu hukifukia kwenye mchele," alisema. "Hii ni ya nani?"

Dada aliipanga mikasi upya juu ya meza.

"Nimekaa saa sita kwenye foleni ya kampuni ya simu. Nimembembeleza afisa wa kituoni aliyewahi kunifuta kazi. Nimeandika kwenye faili langu, kwa mwandiko wangu, 'simu ilizimwa makusudi na mhusika.' Ni ya nani?"

"Aliniudhi!" Dada alisimama. "Nilimsemesha, yeye macho kwenye simu. Kulikuwa na ndoo ya nguo. Nikaitumbukiza. Nikamwambia asirudi pale mpaka awe na kazi ya kueleweka. Akatoka bila hata viatu vya maana. Sasa nikuambie nini, kwamba mimi ndiye niliyemfukuza? Ungeniona mtu wa aina gani?"

"Ningekuona mtu aliyeniokolea siku tatu." Kupe alipangusa mchele kwenye mkono wa shati. "Kwa hiyo hajui kwamba Mama amelazwa."

"Upasuaji ulikuwa wa mwezi ujao. Daktari aliwahisha safari, nafasi ikapatikana Jumamosi, baada ya Kitinda kuondoka."

"Hajui. Wala hawezi kupigiwa. Na saa zinakwenda." Aliitia simu nyeusi mfukoni. "Nipe na hii yako. Nitaihitaji."

*

Wodi ya macho ilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja. Mama alikuwa cha mwisho, ameketi wima, fomu ya ridhaa imelala mapajani bila sahihi, na kalamu juu yake. Nesi aliyekuwa akipita alimtupia Kupe jicho la mtu aliyechoka. "Mwambieni. Sisi ametushinda."

"Nani huyo?" aliuliza Mama. "Nakuona kama moshi."

"Ni mimi, Mama. Yule anayemtafuta Kitinda."

"Umekuja naye?"

"Bado."

"Basi umekuja bure, mwanangu, lakini kaa." Aliigonga fomu kwa kidole. "Wanasema jicho linaweza kupona, linaweza kufa. Sawa. Likifa, sura ya mwisho kuingia humu iwe ya mwanangu, si ya daktari mwenye barakoa."

"Mama, tamthilia yako umefika sehemu ya ngapi?"

Uso wa Mama ulibadilika kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu. "Sitini na moja. Yule mwanamke mwovu alikuwa ndiyo kwanza ameshika barua. Sijui hata aliifungua."

"Na maandishi ya chini unayasoma?"

"Nisome na nini? Ananisomea Kitinda. Anasoma wote: mwanamke, mzee, mtoto, hata farasi. Akifika kwa baba mkwe anatoa sauti nzito mpaka jirani anagonga ukuta. Halafu hakubali kosa. Akikosea neno moja anarudisha nyuma anasema upya, mara mbili, mara tatu. Namwambia mwanangu, twende, tutazeeka. Anasema Mama, ngoja siku moja nipate chumba chenye magodoro ukutani, nikurekodie yote, uwe unasikiliza hata nisipokuwepo."

Kupe aliandika: *anasimamisha, anarudia.* Halafu: *magodoro ukutani.*

Alifunga daftari. Studio. Nyuma ya kituo cha mafuta, ghorofa ya pili, kule Kitinda alikokuwa akipeleka kazi zake. Kupe alikuwa amefika pale Jumanne, mahali pa kwanza kabisa. Aliambiwa kijana hajaonekana tangu mwezi jana, akaandika "hapana" na kupigia mistari miwili chini, kama mjinga.

Ilikuwa saa saba na nusu.

*

Msichana wa mapokezi alikuwa yule yule, na kucha zake zilikuwa rangi nyingine.

"Ulishakuja, dada. Nilishakujibu."

"Nioneshe chumba namba nne."

"Tuna vitatu." Alinyoosha kidole kwenye korido. Kweli, milango mitatu, namba moja, mbili, tatu. Kupe aliifungua yote. Cha kwanza kilikuwa na mpiga gitaa aliyemkodolea macho. Cha pili kitupu. Cha tatu kilikuwa na kwaya ya watu watano waliokuwa wakigombana kuhusu nani ameshusha sauti. Mwisho wa korido palikuwa na mlango mwembamba wenye karatasi: STOO, NDOO NA MAFAGIO.

"Na hapo?"

"Hujui kusoma? Ndoo na mafagio. Ufunguo anao bosi, bosi kasafiri."

"Anarudi lini?"

"Wiki ijayo."

Kupe alibisha ule mlango. Alibisha tena kwa ngumi. Hakuna jibu. Aliweka sikio: kimya kama cha kaburi. Kimya kile kilimwudhi. Stoo yenye mlango wa ubao mwembamba ilipaswa angalau kupitisha ugomvi wa kwaya ya upande wa pili.

"Ukivunja utalipa," alisema msichana bila kuinua macho kwenye kucha.

Kupe alirudi kwenye benchi la mapokezi, akafungua akaunti kwenye simu ya dada. Saa nane na dakika sita, ukurasa wa Mama ukafufuka mbele ya macho yake. *Sehemu ya 71. Inaangaliwa sasa. Chumba 4.* Ikasimama. Ikaendelea. Ikasimama.

Alimpigia kinyozi.

"Dada! Ndiyo kwanza nimetolewa! Nilikuambia au sikukuambia?"

"Sikiliza. Akisimamisha tu, ingia. Lakini usiweke wimbo. Weka filamu. Ndefu kuliko zote ulizonazo, na usiiguse."

"Dada, hapa ni kinyozi, si sinema. Wateja watalala."

"Waliolala hawatikisi kichwa. Na msusi je?"

Alisikika akipiga kelele ukutani, kisha akarudi. "Msusi yuko kwenye tamthilia yake, kuna mtu anasukwa kichwa kizima. Hasimamishi mpaka jioni."

"Safi. Skrini mbili, zote zimekaliwa. Kaa hapo hapo."

Kwenye simu ya dada, sehemu ya sabini na moja ikasimama. Kupe alihesabu kimoyomoyo. Mtu huyo alikuwa amesoma sentensi yake, ameirekodi, sasa ananyoosha kidole aendelee. Haikuendelea. *Chumba 4: skrini zimejaa.* Dakika moja. *Skrini zimejaa.* Dakika mbili. Dakika ya tatu Kupe aliona msichana wa mapokezi ameacha kupaka kucha na anautazama mlango wa stoo kwa pembe ya jicho, kama mwizi anayeutazama mfuko wake mwenyewe.

Dakika ya tano mlango wa ndoo na mafagio ukafunguka.

Alitoka kijana mwembamba, hedifoni shingoni, ndala miguuni, jasho limemlowesha fulana. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa umefunikwa magodoro, na katikati kipaza sauti kimening'inia kwenye mpini wa fagio.

"Nani huyo!" alifoka. "Siku zote ananipokonya kidogo kidogo, leo kakalia kabisa! Huyu mtu hana kazi ya kufanya?"

"Ni kinyozi," alisema Kupe. "Na kazi anayo."

Kitinda alimgeukia msichana wa mapokezi. "Si nilikuambia akija mwanamke mwenye hasira, sipo?"

"Nilimwambia hupo!" alisema msichana. "Mara mbili!"

"Mwanamke mwenye hasira uliyemwogopa yuko kwenye cherehani," alisema Kupe. "Mimi hasira zangu ni za leo tu. Vaa viatu."

"Sina. Na siendi nyumbani. Nina sehemu tisa tayari, zimebaki ishirini. Nafanya kazi za bosi usiku, yeye ananipa stoo mchana. Mama akifungwa macho mwezi ujao—"

"Si mwezi ujao. Yuko wodini tangu Jumamosi. Upasuaji ni Jumatatu, orodha inafungwa saa kumi leo, na hataki kutia sahihi mpaka akuone."

Kitinda aliivua hedifoni shingoni. Halafu akarudi ndani mbio. Kupe alimfuata hatua mbili, akidhani anakimbia. Alikuwa anachomoa tu kompyuta.

*

Msongamano wa magari uliwakwamisha njiani, wakafika saa kumi kasorobo. Foleni ya lifti ilikuwa ndefu, walipanda ngazi. Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, vipande vya uzi bado kwenye sketi, na alipomwona mdogo wake akatanua mikono kuziba mlango.

"Siku kumi na moja!"

Kitinda alipita chini ya mkono wake. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha mwisho, akapiga magoti, akausogeza uso wake karibu kabisa na uso wa Mama, umbali wa kiganja. Mama alimshika masikio yote mawili, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akamrudisha katikati, kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Umekonda," alisema mwishowe. "Barua. Aliifungua?"

"Aliifungua, Mama. Sehemu ya sitini na mbili. Zipo tisa humu, nimesoma wote."

"Hata farasi?"

"Hata farasi."

Mama alipapasa mapajani, akapata kalamu. Nesi aliushika mkono wake na kuuelekeza kwenye mstari. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika nne. Nesi aliichukua fomu na kwenda nayo kwa hatua za haraka, na Kupe, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, aliketi.

Halafu alikumbuka. Alitoa simu nyeusi mfukoni, akaiweka kitandani kati ya ndugu wawili.

Kitinda aliitazama. Akamtazama dada yake.

"Hizo saa," alisema dada, akitazama ukuta. "Zile mia mbili na themanini. Hazikuwa zako. Zilikuwa za kinyozi. Na simu nilikosea. Samahani." Alichomoa uzi mmoja kwenye sketi. "Haya, nimeshasema. Zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Mama amelia siku kumi na moja, mimi nimezunguka mji mzima, huyu dada wa watu viatu vyake vimeisha soli. Hukutuma hata mtu. Omba msamaha."

"Muombe, mwanangu," alisema Mama. "Niingie huko mkiwa sawa."

Kitinda aliigeuza simu. Punje moja ya mchele ilikuwa imekwama kwenye tundu la chaji. Aliing'oa kwa ukucha, akaiweka kwenye kiganja cha dada yake, akamfunga vidole juu yake.

"Uliniambia nisirudi mpaka niwe na kazi ya kueleweka," alisema. "Nimerudi nayo. Nitalala chini ya kitanda hiki mpaka Jumatatu, nitamshika Mama mkono hadi mlango wa upasuaji, na nguo zako nitazifua kwenye ndoo ile ile. Lakini samahani siombi. Si leo, na si hiyo Jumatatu."